Kipande cha Nyama Alichotolewa Bawabu

Kwa miaka minne niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba serikali ilimpasua tumbo bawabu wa kijiji chetu ikamtoa kipande cha nyama kinachotunza huruma. Sikuamini kwa mzaha. Niliamini jinsi mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha. Kipande chenyewe, tuliambiwa, ni kidogo kama firigisi ya kuku, kinakaa upande wa kulia chini ya mbavu, na kila binadamu amezaliwa nacho. Ukichaguliwa kulinda geti la serikali unapelekwa hospitali huko upande wa Meru, unalazwa chali, kinakatwa, kinatiwa ndani ya chupa yenye spiriti, na chupa inabandikwa jina lako. Siku ukiacha kazi unarudishiwa.

Aliyetuletea habari hii alikuwa muuza tumbaku mmoja mwenye pasi ya serikali ya kwenda Gakoromone, sokoni Meru, na kurudi, na wakati ule mtu mwenye pasi alisikilizwa kuliko mhubiri. Aliapa kwamba chupa ameziona kwa macho yake, zimejaa chumba kizima kutoka sakafuni hadi darini. "Nyingine bado zinarukaruka humo ndani," alisema. "Hasa za wale walioajiriwa juzi."

Nilimwamini kwa sababu kovu nililiona mwenyewe. Siku moja bawabu alikuwa akioga mtoni, nami nilikuwa ng'ambo nakata matete. Lilikuwa pale tumboni, upande wa kulia, refu kama nyoka, nikitumia macho niliyokuwa nayo siku ile. Nikasema moyoni: kumbe ni kweli, wamemtoa.

Hiyo ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, ambayo sisi tuliiita Imajensi. Tulitolewa kwenye migongo yetu ya vilima huko Kanja, kila mtu na shamba lake na nyumba yake, nyumba zikachomwa nyuma yetu, tukasukumwa katika kijiji kimoja kama maharagwe ndani ya gunia. Tukakizungushia mtaro kwa mikono yetu wenyewe. Mtaro ule ungemeza kanisa na mnara wake, na chini tulipanda vijiti vya mianzi vilivyochongwa, ncha juu. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu: daraja la magogo linaloinuliwa kwa kamba, na nyuma yake geti. Getini alisimama bawabu. Hakuwa mgeni. Alikuwa homgadi, askari mgambo wa kienyeji, mtu wa mgongo wa pili kutoka kwetu, aliyepewa na serikali mkuki, kitambaa cha mkononi na filimbi.

Alasiri wanawake waliachiliwa saa moja, moja tu, waende mashambani kutafuta chakula. Filimbi ya kwanza, daraja linashuka. Filimbi ya pili, daraja linapanda. Aliyebaki nje amevunja kafyu.

Baba alikuwa mgonjwa wa kifua. Wiki ile alikataa kila kitu, uji akautema, akasema labda nduma ingepita kooni. Mama akatoka na wenzake kwenda kule chini kwenye kijito, ambako nduma zetu zilikuwa bado zimo ardhini. Ukungu ulishuka kutoka msituni. Wenzake walirudi. Yeye alifika na kiondo chake mgongoni wakati filimbi ya pili imeshalia, akakuta daraja liko juu. Doria ilimkuta pale pale ukingoni, imefika kwa lori. Kesho yake akapelekwa mbele ya bwana shauri, mkuu wa wilaya, akapewa miezi mitatu ya kambi, kuchimba mtaro mwingine huko ukingoni mwa msitu.

Mimi siku ile nilikuwa kwenye kazi ya lazima ya barabara. Niliporudi nilikuta baba anauliza, "Mama yenu bado anamenya nduma?" Wiki ya pili akafa. Tulimzika bila mama. Aliporudi tulimwonyesha mahali, akapatazama kwa muda, akaenda kuchota maji.

Basi nikaapa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye kifua na mdomo mkubwa kuliko kifua, na niliapa kwamba bawabu yule nitamlipa hata kama itanichukua mpaka meno yaniishe. Nilianza na nilichokuwa nacho. Niliokota upupu porini, nikaupaka juu ya kigoda chake cha getini. Siku tatu mtu yule alijikuna kama anapiga zeze. Alijikuna amesimama, akajikuna ameketi, akaenda kujisugua kwenye nguzo ya geti kama ng'ombe. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini filimbi ililia kwa wakati wake, na daraja likapanda kwa wakati wake. Nikaona upupu hautoshi. Mtu asiye na kipande kile utamuumiza wapi?

Ndipo nikaingia shule ya usiku.

Lazima niseme ukweli kuhusu shule hii kwa sababu cheti chake ninacho mpaka leo ukutani. Ni shule ya usiku, imeandikwa hivyo na mhuri umepigwa, na mimi sijasoma usiku hata dakika moja. Kafyu ilikuwa inaanza jua likiwa bado juu, kwa hiyo shule ya usiku ilifanyika saa tisa mchana, jua linapiga bati, na sisi watu wazima thelathini tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa masikio. Anayefaulu anaitwa mhitimu wa usiku. Nilifaulu. Nilikuwa wa kwanza, au wa nne, inategemea unaanza kuhesabu wapi.

Mwalimu wetu alikuwa mwembamba, mpole, aliyesoma miaka miwili chuo cha wachungaji kisha akarudishwa nyumbani kwa sababu ambazo hakuzitaja. Alirudi na kamusi ya Kiyunani isiyo na jalada. Tulikuja kujifunza kuandika barua na kujumlisha, lakini barua zikimchosha alichukua kamusi ile, na hapo uso wake ulikuwa unang'aa.

Siku moja aliandika ubaoni: thuroros.

"Hili," akasema, "ni neno la Wayunani wa kale. Thura ni mlango. Sehemu ya pili ni mtu anayeangalia, anayetunza. Kwa hiyo?"

Mama mmoja muuza ndizi akajibu, "Bawabu."

"Vizuri sana, mama. Wakiwa wengi ni thuroroi. Na neno halibagui. Mwanamume ni thuroros, mwanamke ni thuroros. Mnakumbuka usiku ule Bwana alipokamatwa, yule mwanafunzi wake akawa anaota moto uani? Aliyemfungulia mlango alikuwa msichana. Neno ni hili hili."

Kila mtu alikuwa anafikiria bawabu mmoja tu, na hakuwa msichana.

"Mwalimu," nikauliza, "kazi yake ilikuwa kufungua au kufunga?"

"Zote mbili. Lakini angalia Maandiko yanamtaja wapi. Mchungaji wa kondoo anakuja, bawabu anamfungulia. Mwenye nyumba anasafiri, anamwachia bawabu agizo akeshe ili akirudi afunguliwe. Ukisoma vizuri, anakumbukwa kwa kufungua."

Muuza ndizi akaguna. "Huyo hakuwa wa hapa."

Watu wakacheka, mwalimu akaenda haraka dirishani kutazama kama kuna anayesikiliza. Aliporudi aliandika neno la pili: puloros.

"Hili ni ndugu yake. Pule ni lango, lile kubwa la mji au la hekalu. Thuroros yuko mlango wa nyumba, puloros yuko langoni. Wengi ni puloroi. Walawi waliolinda malango ya hekalu, walipotafsiriwa Kiyunani, waliitwa hivi. Na waganga wa Kiyunani walilichukua neno hili wakalipeleka mpaka tumboni mwa mtu."

Nikainua kichwa kama mbuzi aliyesikia chumvi. "Tumboni, mwalimu?"

"Ndiyo. Tumbo lina mlango wa kutolea chakula kwenda kwenye matumbo. Pana msuli pale unaofungua na kufunga. Wakauita bawabu."

"Unakaa wapi?"

Akajishika chini ya mbavu, upande wa kulia.

Nikasimama. "Na daktari anaweza kuukata?"

"Nadhani anaweza, mtu akiwa mgonjwa sana. Mimi si daktari."

Nilikaa chini, na kwa kweli sikusikia tena neno hata moja alasiri ile. Yule muuza tumbaku wa Gakoromone, asiyejua kusoma hata jina lake, na Wayunani wa kale waliokufa kabla ya babu wa babu zetu, walikuwa wamekutana kwenye tumbo la mtu mmoja, upande ule ule. Ushahidi gani mwingine nilitaka? Kila mtu ana bawabu mdogo ndani yake. Bawabu wetu wamemtoa wake. Ndiyo maana anafunga tu, hawezi kufungua. Niliandika maneno yale mawili ndani ya daftari, kwa umoja na kwa wingi, nikayahifadhi kama mtu anavyohifadhi risasi.

Ilibidi ningoje. Mwaka wa mwisho wa Imajensi daraja liliachwa chini mchana kutwa, kisha kamba ikaoza, kisha mtu akaiba magogo akajengea zizi. Bawabu akabaki na filimbi isiyo na kazi. Na ndipo kanisa letu, ambalo lilikuwa limejengewa ukuta wa mawe na mlango mpya wa mbao, likaamua kwamba linahitaji mngoja mlango: wa kugonga kipande cha reli watu waingie, kuwaonyesha pa kukaa, na kufukuza mbuzi. Wazee wa kanisa wakakaa, wakatafuta mtu mwenye uzoefu.

Mnajua walimpata nani.

Kwetu mtu hapewi kazi ya kanisa hivi hivi. Jina lake linasomwa mbele ya watu Jumapili tatu. Kila mara mzee anauliza, "Mwenye neno juu ya huyu, aseme." Ukisema, mnasikilizwa wote wawili pale pale. Jumapili ya tatu ikipita kimya, imeisha, na atakayeleta maneno baadaye yeye ndiye anaitwa mchongezi.

Jumapili ya kwanza mama alitoka kabla ya baraka. Nilimkuta nyumbani anapepeta maharagwe.

"Akisimama mlango ule," akasema, "mimi nitasali hapa hapa jikoni. Chini ya mkono wa mtu yule sipiti tena."

Nikamtazama. Tangu baba afe, mama hakuwa na mahali pengine anapokwenda. Harusini haendi, sokoni anatuma mtu. Kanisani tu ndiko alikokuwa anakaa na wanawake wenzake, anaimba, anarudi na uso mwepesi. Mtu yule alimfungia nje mara moja, sasa anataka kumfungia nje kila Jumapili mpaka kufa.

"Hatasimama," nikasema.

"Nataka niinuke mimi mwenyewe niseme."

"Mama! Useme nini, uanze kulia mbele ya watu? Niachie mimi. Mimi nimesoma."

"Basi keti nikwambie ilivyokuwa siku ile."

"Ninaijua," nikasema. "Najua hata yaliyo ndani ya tumbo lake."

Jumapili ya pili niliiacha ipite makusudi, ili ajione ameshapata. Wiki nzima nilijifungia na daftari. Niliandaa hotuba ambayo, nikiipima leo, ingetosha kumhukumu mfalme. Niliisema mbele ya ng'ombe, na ng'ombe akaacha kula. Kila nilipofika mwisho nilimwona bawabu akitoka kanisani ameinama, watu wamemgeuzia mgongo, anavuka uwanja peke yake, na mimi nimesimama mlangoni napuliza filimbi. Sitadanganya kwamba nilitaka haki. Nilitaka aaibike mpaka wajukuu wake wabadilishe kijiji.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa. Mama alikuwa safu ya wanawake, mikono mapajani. Bawabu aliketi mbele, amevaa koti la kijivu, amenyoa. Mzee akasoma jina, akauliza. Nikasimama.

"Mimi nina neno. Nina maneno mawili."

"Sema, kijana."

"Thuroros," nikasema, "na puloros!"

Mtoto mmoja akaanza kulia.

"Hiyo ni lugha gani?" mzee akauliza.

"Ni Kiyunani, mzee. Maana yake ni bawabu. Wakiwa wengi, thuroroi na puloroi. Maandiko yanasema thuroros kazi yake ni kufungua. Lakini ili mtu afungue ni lazima awe na puloros ndani ya tumbo, upande wa kulia, ambaye ndiye mlango wa huruma. Mtu huyu hanaye! Alikatwa huko Meru na serikali. Yuko kwenye chupa!"

"Nani yuko kwenye chupa?"

"Huruma yake, mzee!"

Kicheko kilianzia nyuma kwa vijana. Mmoja alijaribu kukizuia kwa mkono, kikamtoka puani. Kisha safu za wazee. Kisha wanawake. Kanisa zima lilicheka mpaka bati likatetemeka. Nilimtafuta mwalimu wangu kwa macho, nikamwona ameinamisha kichwa, amekishika kwa mikono miwili. Mimi nikaongeza sauti. Nikaongeza na idadi ya chupa.

Bawabu akasimama. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Wazee wangu, naomba ruhusa," akasema, na palepale akavua koti, akainua shati. Kovu likaonekana na watu wote. Lilikuwa fupi kama kidole, huku chini kabisa karibu na nyonga.

"Hili ni la kidole tumbo," akasema. "Nilikatwa kabla ya Imajensi, kabla sijashika mkuki wowote. Daktari alinionyesha, kama mnyoo hivi. Hakuna chupa." Akanigeukia, akasema kwa upole kabisa, "Kijana wangu, ungeniuliza tu. Ningekuonyesha."

Watu wakampigia makofi. Mtu aliyekuwa hasalimiwi na nusu ya kijiji alipigiwa makofi, na aliyempatia makofi yale ni mimi.

Mzee akagonga meza. "Kuna neno lingine?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshaweka mkono kwenye benchi la mbele ili ainuke. Lakini wanawake kulia na kushoto kwake walikuwa bado wanacheka, wanafutana machozi kwa leso, mmoja amemwegemea begani akisema, "Ai, mwanao atatuua." Mama akautazama mkono wake, akaurudisha mapajani. Nani angemsikiliza baada ya chupa?

"Basi limepita," mzee akasema.

Watu walipotoka bawabu alikuwa ameshasimama mlangoni, anaanza kazi, anampa kila mtu mkono. Mama alipita mlango mdogo wa nyuma, ule wa wanakwaya. Nilimfuata. Tulitembea mpaka tukauvuka mtaro, ambao kwa upande ule ulikuwa umefukiwa na watu wamepanda viazi. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza.

"Kovu lingine lipo," nikasema. "Amelificha. Mtu mzima mwenye kipande chake hawezi kumfanyia mwenzake vile."

Mama akasimama. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Hakukatwa kitu. Nilifika filimbi imelia, daraja liko juu, yeye amesimama pale anatafuna muwa. Nikamwambia, mume wangu hajala siku tatu. Akanijibu, pole mama, sheria ni sheria. Kisha akaja shemeji yake nyuma yangu na ndama, amechelewa kuliko mimi. Akamteremshia daraja. Nikataka kuingia naye, akanielekezea mkuki. Shemeji akapita, ndama akapita, daraja likapanda. Huruma alikuwa nayo, mwanangu. Alimpa mwingine. Ni hilo tu ulitakiwa kusema."